Wahesabu miche, tuhesabu misitu

Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya ardhi ya Kenya. Ukigawanya, kila Mkenya, mkubwa kwa mdogo, adaiwa miti 300 hivi. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hata siku ya mapumziko tukapande.

Sina ugomvi na mche. Ugomvi wangu ni na kipimo. Kifungu cha 69 cha Katiba chataja miti, si misitu: angalau asilimia 10 ya ardhi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilipata miti asilimia 12.13, lakini misitu asilimia 8.83 tu. Basi serikali yaweza kusema imevuka lengo, mtetezi wa misitu akasema bado, na wote wawili wakawa wakweli. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna miti ya mashambani, ya uani na ya kando ya njia.

Tazama Ruiru na Thika. Hiyo ilikuwa nchi ya mibuni. Leo Tatu City yasimama palipokuwa na mashamba ya kahawa, na sensa ya 2019 ilikuta takriban watu 490,000 mjini Ruiru. Hata hivyo, kaunti yao ya Kiambu ni ya kijani kwenye makaratasi, kwa kuwa misitu ya Kinale na Kereita, huko Lari, yaubeba wastani. Mkaazi wa Ruiru hapati kivuli cha wastani.

Hili latuhusu sisi wa Pwani. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na Kilifi na Kwale zina makaya. Kipimo kikiwa ni miche iliyopandwa, mkoko mkongwe ukikatwa na pahala pake pakatiwa miche kumi, kitabu kitaandika faida ya tisa. Samaki na kaa watajua ni hasara.

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa hivyo kiongozi akija kutusomea idadi ya miche, tumuulize maswali mawili: mingapi iko hai baada ya miaka mitatu, na katika wadi gani? Asiye na jibu hajapanda msitu, amepanda picha.