Mama Yake Yuko Wapi?

Mama msomaji, mwezi huu nataka nikusimulie kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili wewe usilirudie. Sitaki unionee huruma. Nataka tu uondoke hapa na swali moja la kumwuliza kila mtu anayekuletea mtoto wa mbwa mkononi.

Sisi tunaishi Leicester, Uingereza. Mwezi wa Juni 2020 shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Binti yetu, wakati ule ana miaka tisa, alikosa masomo, akakosa rafiki wa kucheza naye, akaanza kulilia mbwa. Baba yake alikataa. Kwao Moshi mbwa ni mlinzi: mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa, naye hupewa makombo. Mbwa wa kulala sebuleni hakuingia akilini mwake. Lakini unajua jinsi ilivyo, mtoto akilia kila jioni, mama ndiye anayelainika kwanza.

Nikapata tangazo katika intaneti. Kajike ka rangi ya kahawia, umri majuma manane, amelelewa nyumbani pamoja na watoto. Bei ilikuwa kubwa, maana mwaka ule kila mtu alitaka mbwa. Nilimpigia muuzaji nikamwomba twende kwake kumwona. Akasema haiwezekani kwa sababu ya maradhi, afadhali tukutane kwenye maegesho ya magari kando ya barabara kuu. Tulipofika alifungua nyuma ya gari, akatoa boksi. Lilinuka mkojo. Nikamwuliza, "Mama yake yuko wapi?" Akajibu, "Yuko kwa daktari." Nilisikia moyoni kwamba jibu lile halina mguu wa kusimamia. Lakini binti yangu alikuwa amekwisha kumkumbatia. Nikahesabu fedha, nikalipa.

Tulimwita Pipi. Siku ya pili alianza kutapika, kisha akaharisha damu. Daktari wa mifugo alisema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoharibu utumbo. Dalili zake huonekana kwa kawaida siku tatu hadi saba baada ya kuambukizwa, maana yake Pipi alikuja nao ndani ya boksi lile. Daktari alitazama na meno yake, akasema huyu hajafikisha hata majuma sita. Siku ya tano alikufa. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Tulimzika Pipi, na usiku ule nilimpeleka binti yangu kulala. Akaniuliza, "Mama, na mama yake Pipi, anajua kwamba Pipi amekufa?"

Akina mama wenzangu, sikuwa na jibu. Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilikuwa sijamfikiria mzazi huyo hata mara moja. Ndipo nikaanza kuulizauliza.

Wapo watu wanaofuga mbwa kama kiwanda. Marekani huviita hivyo hasa, viwanda vya watoto wa mbwa. Uingereza huviita mashamba. Mbwa jike hufungiwa katika kizimba au banda la giza, juu ya maranda yaliyoloa. Hupandwa kila anapokuwa na joto. Mimba yake ni kama siku 63. Akizaa, watoto huondolewa mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza majuma manane wanayohitaji, hupewa dalali, na dalali ndiye anayekuja na boksi kwenye maegesho. Mtoto husafishwa na kupigwa picha nzuri. Mama hapigwi picha. Akichoka kuzaa hutupwa, huuawa, au kama ana bahati hukabidhiwa kwa watu wa makao ya mbwa waliookolewa.

Mmoja wa wenye bahati hiyo aliitwa Lucy. Alikuwa mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, akatolewa katika shamba moja la Wales mwaka 2013. Nyonga zake zilikuwa zimeshikana na uti wa mgongo umepinda kwa kukaa muda mrefu katika kizimba kidogo, tena alikuwa na kifafa. Mwanamke mmoja alimchukua nyumbani, akamtunza mpaka alipokufa Desemba 2016. Watu waliokuwa wakidai sheria ibadilishwe, wakiongozwa na daktari wa mifugo Marc Abraham, waliipa kampeni yao jina la mbwa huyo. Sheria ya Lucy ilianza kutumika Uingereza tarehe 6 Aprili 2020. Inakataza dalali kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi sita. Mnunuzi aende kwa mfugaji mwenyewe, naye mfugaji amwonyeshe mtoto akiwa pamoja na mama yake, mahali alipozaliwa. Vinginevyo aende kwenye makao ya wanyama. Wales na Scotland zilifuata na sheria zao mwaka 2021.

Umeona tarehe hiyo? Mimi nilinunua Juni, miezi miwili baada ya sheria kuanza. Sheria ilikuwapo, ila mnunuzi hakuijua na muuzaji hakuijali. Kizimba hakifungwi na karatasi peke yake.

Marekani mambo ni hivyo hivyo. Sheria ya wanyama ya mwaka 1966 inasimamia wafugaji wengi wakubwa, lakini kipimo chake cha kizimba ni kidogo mno. Chukua urefu wa mbwa kutoka pua mpaka mwanzo wa mkia, ongeza inchi 6, huo ndio upande mmoja wa nyumba yake. Kwa sababu hiyo majimbo kadhaa yameamua kuziba soko. California ilikataza maduka kuuza mbwa wa wafugaji tangu mwaka 2019, na New York tangu Desemba 2024. Duka likikosa kuuza, kiwanda hukosa sababu ya kuzalisha.

Mwaka 2022 tulizungumza tena nyumbani. Safari hii hatukutafuta mtoto. Binti yetu ndiye aliyesema, "Tumchukue mama." Baba yake alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi, lakini jikoni asilale."

Makao ya mbwa hayakutupa mbwa siku ile ile. Kwanza alikuja mtu kukagua nyumba na kupima uzio kwa macho, maana mbwa hawa wakiogopa hukimbia na hawajui kurudi. Akatuuliza nani anashinda nyumbani na tumejiandaaje kwa gharama. Nilikuwa karibu kukasirika, kisha nikakumbuka yule wa maegesho hakuniuliza chochote ila fedha.

Alikuja mbwa wa miaka kama sita. Alikuwa amepata chanjo zote na kufungwa kizazi. Chanjo hizo zilikuwa muhimu kwetu, kwani virusi vya parvo vyaweza kukaa nyumbani na bustanini kwa miezi mingi. Meno kadhaa yalikuwa yameng'olewa kwa kuoza, na chuchu zake zilining'inia. Tulimwita Tulia, ingawa siku za kwanza hakutulia hata kidogo. Hakujua ngazi ni kitu gani. Hakujua majani, alipowekwa juu yake alisimama kama aliyekanyaga moto. Hakula mpaka sote tumetoka chumbani. Alijisaidia pale pale alipolala, kwa kuwa maisha yake yote hakuwa na mahali pengine.

Baadaye nilisoma kwamba hayo si ya Tulia peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya mbwa 1,169 waliotoka katika sehemu za namna hiyo na kupewa makao majumbani. Wengi walikuwa na hofu kubwa kuliko mbwa wa kawaida, walichafua nyumba zaidi, na hawakupenda kuguswa. Lakini ukali wao kwa wageni ulikuwa mdogo kuliko wa mbwa wengine. Waliumizwa na watu, lakini kwa jumla hawakuwa wakali.

Basi, kama wewe au ndugu yako mtamchukua mbwa wa namna hii, pokea haya niliyofundishwa na watu wa makao na niliyoyaona kwa macho yangu:

Mpe kona yake tulivu, yenye blanketi, na watoto wasimfuate huko. Usimkazie macho wala kumwinamia. Keti sakafuni ukimpa ubavu, usome gazeti lako, mwache aje mwenyewe.

Chakula na matembezi yawe saa zile zile kila siku. Mbwa ambaye hakuwahi kujua kesho itakuwaje hupata raha akijua.

Akichafua, futa unyamaze. Ukimgombeza atajifunza kukuogopa, na hatajifunza choo.

Nje ya nyumba usimwachilie kamba, hata bustanini siku za mwanzo. Na kama mna mbwa mwingine mpole, ni msaada mkubwa, kwa sababu atamfuata yeye kabla ya kukufuata wewe. Makao mengine hayatoi mbwa hawa kwa nyumba isiyo na mbwa. Sisi tulipewa kwa sababu mimi nafanyia kazi nyumbani.

Tena weka akiba ya daktari. Ada ya makao ni ndogo kuliko bei ya muuzaji, lakini meno, macho na masikio ya mama aliyetumika vibaya yanataka matibabu. Nisikudanganye, miezi ya mwanzo nilichoka. Siku moja, nikipiga deki kwa mara ya nne, nilimwambia mume wangu tumrudishe. Yeye, aliyekataa mbwa tangu mwanzo, akasema, "Mvumilie. Hata wewe ulipofika nchi hii ulikaa mwezi mzima huwezi kula mbele ya watu."

Mwezi wa tano, binti yetu alikuwa chini akifanya kazi ya shule. Tulia alitoka kwenye kona yake, akasimama, akarudi, akatoka tena. Kisha akaweka kidevu juu ya mguu wa mtoto, akafumba macho. Mtoto hakusogea kwa saa nzima. Alikuja kuniambia mguu umekufa ganzi, huku machozi yanamtoka.

Wifi yangu alipiga simu kutoka Moshi akacheka sana. "Wifi, ni kweli mbwa analala ndani kwa kaka yangu?" Nikamwambia analala jikoni, na kaka yako ndiye aliyemtandikia. Aliponyamaza kucheka akasema kwamba huko pia huona vijana kando ya barabara wamebeba watoto wa mbwa kwenye boksi, na mwanawe anamsumbua amnunulie. Nikamwambia, muulize kijana mama yake yuko wapi, kisha umwambie akupeleke.

Hilo ndilo neno langu la mwezi huu. Usikubali kukutana barabarani. Nenda alikozaliwa. Mwone mama akiwa na watoto wake, akiwanyonyesha au akiwalamba, wala si jike lolote lililoletwa kukuridhisha. Dai cheti cha chanjo. Hapa Uingereza anayezalisha mbwa mara tatu au zaidi kwa mwaka anatakiwa awe na leseni, omba kuiona. Ukipewa visingizio, ondoka, tunza tangazo na namba ya simu, na upeleke habari kwa halmashauri au kwa chama cha kutetea wanyama.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka: usimnunue kwa kumhurumia. Utasema, "Nikimwacha atakufa." Najua, nami nilisema hivyo nilipoisikia harufu ya boksi. Lakini fedha yangu haikumwokoa Pipi, na pengine ililipia kupandwa tena kwa mama yake. Huruma ya kweli ina njia ndefu zaidi. Inapitia kwenye makao, inangoja zamu, inakaguliwa uzio, kisha inapiga deki mara nne kwa siku.

Mama yake Pipi sikumpata kamwe. Binti yangu bado humtaja mara moja moja, hasa jioni, Tulia akiwa amelala miguuni pake. Mwenzangu, swali lile la mtoto nimekuachia wewe nawe. Uliulize mapema, kabla hujafungua mkoba.