Weupe si cheti cha Ushirazi

BARAZA LA KUSINI
Na Somoe Bakari

Nenda harusi yoyote huku kwetu, kuanzia Somanga mpaka Lindi mjini. Bibi harusi akitolewa naye ni maji ya kunde, hakosekani shangazi wa kusema kwamba damu ya Kishirazi haijifichi. Mwaka unaofuata anaolewa mdogo wake, mweusi tii, baba mmoja mama mmoja, na Shiraz haitajwi kabisa. Huyo atasifiwa adabu na mapishi. Rangi tumeifanya cheti cha kuzaliwa, na cheti chenyewe ni cha kughushi.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, vilivyotolewa kwenye mifupa yao. Kilwa, Songo Mnara na Lindi zimo, pamoja na miji ya Kenya kama Mtwapa na Manda. Wengi wa hao wa pwani waliishi kati ya miaka ya 1250 na 1800, na kwa sehemu kubwa walikuwa wenye nafasi zao, waliozikwa jirani na misikiti. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo imetoka hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki imetoka Asia, nayo waliileta hasa wanaume wa Kiajemi, pamoja na asili kidogo ya Kihindi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Asili ya Kiarabu inazidi baada ya 1500.

Basi wazee wanaosema babu zetu walitoka Shiraz, Uajemi, hawakuzua. Wasomi waliotucheka kwamba Ushirazi ni majivuno matupu wana maneno ya kurudisha. Ila na sisi tunaojivuna tusome utafiti mpaka mwisho. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume; DNA ya mitokondria mtoto hupewa na mama peke yake. Kwenye mifupa hiyo, ya baba mara nyingi inaelekea Asia, na ya mama karibu yote ni ya Afrika. Mgeni aliyeshuka na jahazi aliposa kwa wenyeji, na watoto wake wakalelewa kwa lugha ya mama yao, ndiyo hii ninayokuandikia.

Ajabu ni kwamba habari za kale zilishasema. Mreno João de Barros, aliyechapa habari za Kilwa mwaka 1552, anasimulia kuwa Ali, mwana wa sultani wa Shiraz, alihama kwao kwa kudharauliwa na ndugu zake, maana mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwasisi wa Ushirazi wetu, tayari chotara! Na ile simulizi ya Kiswahili iliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907 inasema Mshirazi alimwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa, na ni kupitia kwa binti huyo habari ya kukiachia kisiwa ilimfikia mzee. Baadaye mjukuu akaenda bara kwa babu yake, akakabidhiwa utawala. Tunachopenda kuwasimulia watalii ni zile nguo alizolipwa Mrimba. Kwamba ufalme uliingia kwa mlango wa mama, tunapita haraka.

Sasa turudi kwenye ngozi. Mwaka 2017 kundi la Sarah Tishkoff wa Marekani, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, lilitoa katika jarida la Science matokeo ya kupima rangi za watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Waligundua kwamba aina nyingi za jeni za weupe, sawa na za weusi, zimekuwepo Afrika tangu kale mno, nyingine kabla ya binadamu wa sasa kutokea. Wasan wa Botswana ni weupe kuliko majirani zao, wala hawakungoja jahazi la mtu. Iko aina moja ya jeni ya SLC24A5, iliyoenea Ulaya na Asia ya Magharibi, iliyoingia Afrika Mashariki kutoka nje. Lakini nayo iliingia maelfu ya miaka kabla ya Ali kupandisha tanga.

Rangi inashikwa na sehemu ndogo tu ya jeni, asili imetawanyika kwenye DNA nzima. Kila mtoto hugawiwa karata upya, nusu za baba nusu za mama, ndiyo maana bibi harusi na mdogo wake hawafanani. Ukihesabu vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za wahenga. Kumchagua mmoja kwa kutazama mkono wa mtu ni kupiga ramli. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, karne tatu baada ya wenyeji kuanza kuchanganyika na wageni, akaandika kuwa wengi wa wakazi ni weusi sana, wenye chale usoni.

Ningeyaacha haya yawe mabishano ya kahawa, kama si mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini wasichana bado wanavipata, na wanavipaka wiki chache kabla ya harusi ili waonekane wa ukoo fulani. Zebaki inaharibu figo. Jeni za rangi haizibadilishi: watoto wao watarithi rangi kana kwamba mama zao hawakuwahi kujichubua.