Nyeri Imejengewa Magari, Watu Watajijua

Gari lililoegeshwa Kimathi Way tangu saa moja asubuhi limechorewa mistari yake, lina askari wa kanjo anayelikagua nambari, halisumbuliwi na mtu. Mama aliyeshuka kutoka Wamagana na gunia la kabichi hana hata mstari. Anapita ukingoni mwa lami, veranda imejaa ndoo na magodoro ya kuuzwa, mtaro una kifuniko kilichovunjika, na bodaboda inampigia honi mgongoni kana kwamba ni yeye aliyekosea njia. Mwenye nguvu mpishe, ndiyo sheria ya trafiki mjini petu.

Wala tusitafute mchawi Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazitaja trafiki na maegesho waziwazi kuwa kazi ya kaunti.

Kituo cha matatu cha Field Marshal Muhoya kilipojengwa pale Asian Quarters kwa fedha za Benki ya Dunia, hoja ilikuwa kuupunguzia mji msongamano. Sawa. Vurugu za stendi za zamani sitazililia. Lakini ukiondoa matatu ya abiria 14 ili gari la mtu mmoja lipate nafasi, msongamano uko palepale, umebadilisha tu nani anaruhusiwa kusongamana. Mzee wa Tetu mwenye miadi hospitali ya rufaa akishushwa kituoni, safari yake ndiyo kwanza inaanza: apande mlima kwa miguu, mvua ya Aprili ikimnyeshea, au atoe pesa nyingine ya bodaboda. Nauli hiyo ya pili nani aliipigia hesabu?

Nao wenye maduka wanaolia kwamba wateja wamepotea, hebu wachungulie nje. Probox iliyoziba mlango ni ya nani? Ni yao wenyewe! Wamelipa ada ya kutwa, wakaiacha hapo hadi jioni, na mteja mwenye gari anazunguka mara tatu kisha anaenda kununua Karatina. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa mipango miji kule Los Angeles, aliandika kitabu kizima juu ya upuuzi huu mwaka 2005: nafasi ikiuzwa kwa bei ya kutupa, foleni huzaliwa na madereva wanaoitafuta. Tozeni kwa saa. Anayetaka kulaza gari kutwa alilaze mbali, naye aonje huo mlima.

Na hasara si ya nauli na wateja tu: kila mwaka barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Na kumtetea mnyonge si jambo geni kwetu: Wangari Maathai, aliyekuwa mbunge wetu wa Tetu, mwaka 1989 alisimama dhidi ya serikali nzima ili jengo la ghorofa 60 lisimeze Uhuru Park, mahali ambapo mtu asiye na kitu aliweza kukaa bure. Sisi tunashindwa kumpa mama wa kabichi mita mbili za saruji.

Ng'oeni safu moja ya maegesho Kimathi Way, upande mmoja tu, mjenge njia ya miguu yenye kivuko kinachoonekana. Mkiogopa kelele za wenye magari, anzeni kuyahamisha yale ya kaunti yenyewe, yenye nambari za 19CG.