Usihame Kabla ya Kupatana Bei

Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tunafika vyuo vya Marekani tukiwa na neno moja kichwani: shukuru. Umepewa, shukuru. Na mtu anayeshukuru tu hawezi kupatana bei.

Mwenzangu ninayeishi naye, Mkenya anayesomea sheria, amemaliza mwaka wa kwanza akiwa miongoni mwa wa juu darasani. Shule yake humlipia nusu ya ada. Shule yenye jina kubwa zaidi, iliyomkataa mwaka jana, sasa inamtaka ahamie mwaka wa pili, bila senti ya ufadhili. Kwao wameshasherehekea. Mimi nasomea uzamili wa uchumi, na nasema barua hiyo ya pongezi ni ankara.

Tazama hesabu yenyewe. Orodha ya U.S. News & World Report hupima shule za sheria, pamoja na mengine, kwa alama za LSAT za wanaoingia mwaka wa kwanza. Anayehamia baadaye hamo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo fedha za ufadhili huwavuta wenye LSAT kubwa pale mlangoni, na anayeingia kwa dirisha la pili mara nyingi hulipa ada kamili. Mwaka jana LSAT yake ingewashusha. Leo haiwadhuru, na ada yake inawafaa.

Shule aliyomo sasa, kinyume chake, ina cha kupoteza. Orodha hiyohiyo huhesabu wanaofaulu mtihani wa uwakili na wanaopata kazi, na wanafunzi wa juu ndio wanaopandisha takwimu hizo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini rasimu ya ombi lake ilianza kwa "samahani kwa usumbufu". Usumbufu gani? Mama zetu Kariakoo hawanunui khanga kwa bei ya kwanza, na hakuna anayewaita wakosa shukrani.

Aombe nyongeza kwa miaka miwili iliyobaki, aombe masharti yaondolewe, na apewe jibu kwa maandishi. Masharti ndiyo mtego. Shule nyingine hukunyang'anya ufadhili ukishuka chini ya wastani fulani, ilhali alama za mwaka wa kwanza hugawanywa kwa mgao, hata darasa zima lisome vipi. Chama cha mawakili cha huko, ABA, huzilazimisha shule kutangaza kila mwaka wangapi walipunguziwa au kunyimwa ufadhili wa namna hiyo, na wangapi walihama. Taarifa hizo ni bure. (Nashangaa watu wanaolipa ada ya namna hii bila kuzifungua.)

Sikatai kwamba jina hufungua milango. Anayetaka kufundisha sheria, au kazi ya ukarani kwa jaji wa mahakama za shirikisho, ana sababu ya kulinunua. Mwenzangu anataka kutetea wahamiaji, kazi isiyo na mshahara mnono. Kama mgeni, hapati mkopo wa serikali kuu. Wa benki unadai mdhamini, na mdhamini ni mjomba wake aliyeko Dallas, dereva wa lori mwenye watoto wanne. Mkopo ukishatiwa saini, kazi ya kwanza atakayoitafuta ni ile itakayomtoa mjomba kwenye deni, na wahamiaji watasubiri.