Leseni Ikienda, Unga Nao Huenda

Ndugu msomaji, Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi huliona kuwa la dereva peke yake, kumbe ni la nyumba nzima. Nalo ni mwendo wa kasi barabarani, na korti inayokuja nyuma yake.

Ikiwa unaishi pande za Uthiru, sina haja ya kukueleza sana. Barabara ya Waiyaki unaijua. Zamani ilikuwa nyembamba na msongamano wake ulitosha kumfunza dereva adabu, apende asipende. Tangu mwaka 2017 ilipoanza kupanuliwa kutoka makutano ya James Gichuru hadi Rironi, mambo yamebadilika. Anayetoka Naivasha au Nakuru hushuka kuelekea mjini akiwa na barabara pana mbele yake na mguu uliokwisha kuzoea kasi. Macho yake yanaona lami tu. Hapo ndipo anapofika Kinoo, kisha Uthiru, kisha Mountain View na Kangemi, mahali ambapo kuna mama wenye mizigo, watoto wa shule, wanafunzi wa vyuo vya Kabete na matatu zinazosimama bila kutoa habari. Dereva huyo hajioni kuwa anakwenda mbio. Akipunguza kutoka 110 hadi 80 huhisi kama anatambaa.

Kisha mkono wa afisa wa trafiki unainuka kando ya barabara.

Tuseme ni wewe. Unaonyeshwa kipimo, na kipimo kinasema umepita kikomo. Moyo unakudunda. Wazo la kwanza linalomjia Mkenya wa kawaida, tusifichane, ni kuulizia kama mambo hayawezi kumalizwa papo hapo. Lakini kabla mkono wako haujaingia mfukoni, ngoja kwanza nikueleze unachocheza nacho.

Sheria yetu ya Trafiki, ile ya Sura ya 403, inasema kwamba ndani ya mji au kituo cha biashara mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kibao kilicho mbele yako ndicho cha kufuatwa, wala si mwendo wa gari lililo nyuma yako likikupigia honi. Magari ya abiria na malori ya biashara hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa popote pale. Ndiyo maana marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, alilazimisha matatu ziwekwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kuanzia Februari 2004. Hata ile barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, kikomo chake ni 80, ijapokuwa wengi huipanda wakidhani wamelipia ruhusa ya kupaa.

Je, ukivunja sheria hiyo? Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka ngazi. Aliyepita kikomo kwa kilomita 1 hadi 5 huonywa. Kilomita 6 hadi 10, faini ni Sh500. Kilomita 11 hadi 15, ni Sh3,000. Kilomita 16 hadi 20, ni Sh10,000. Ukizidi hapo umetoka kwenye makosa madogo. Unakwenda kusimama mbele ya hakimu, ambaye sheria inamruhusu kukutoza faini isiyozidi Sh100,000.

Lakini pesa, ndugu yangu, hutafutwa zikapatikana. Jambo la kuogopwa ni jingine. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2012 yanasema kwamba mtu anayevuka kikomo kwa kiasi kilichowekwa humo, mara mbili au zaidi, leseni yake hubatilishwa kwa muda usiopungua miaka 3 tangu kosa la pili. Miaka mitatu! Mtoto atakuwa amepanda madarasa matatu kabla baba hajarudi kwenye usukani.

Sasa fikiria nyumba inayokula kutokana na usukani. Mwenyewe anaendesha gari la mkate, teksi au matatu ya Kikuyu. Kila asubuhi huondoka kabla jogoo hajawika, na jioni hurudi na unga, mafuta na karo. Siku leseni inapozuiwa, tajiri wake hatamwekea nafasi miaka mitatu. Jioni hiyohiyo gari litapewa dereva mwingine. Mwenye nyumba hatapunguza kodi kwa kuwa korti imeamua. Hukumu imesomewa mtu mmoja kizimbani, lakini waliofungiwa barabara ni watu watano au sita walioko nyumbani, na hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga mafuta.

Ndiyo sababu nasema mazungumzo haya ni ya familia.

Wenzetu wa nchi nyingine nao wameona hivyohivyo. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuhukumiwa kwa mwendo wa kasi katika gari ni Walter Arnold wa Uingereza, mwaka 1896. Alikuwa akienda kilomita kama 13 kwa saa mahali ambapo kikomo kilikuwa kama 3, na polisi alimfukuza kwa baiskeli akamkamata! Faini yake kwa kosa hilo ilikuwa shilingi moja. Leo Waingereza hawatazami faini peke yake. Kila kosa lina alama zake, na anayefikisha 12 katika miaka 3 kwa kawaida huzuiwa kuendesha gari kwa miezi isiyopungua 6. Kule Finland, faini ya makosa makubwa ya kasi hupimwa kwa mapato ya mtu, ili tajiri asione kwamba anaweza kununua mwendo wake. Kote huko wamegundua jambo moja: dereva husahau faini upesi, lakini siku alizotembea kwa miguu hazisahau.

Turudi kando ya barabara, pale ulipoachwa na afisa. Ushauri wangu ni huu.

Kwanza, simama vizuri, zima gari, na ujibu kwa heshima. Uliza kwa upole kipimo kilisoma kilomita ngapi, ni kikomo gani unachodaiwa kuvuka, na ulipimwa mahali gani. Andika hayo pamoja na saa. Sheria haikubali mtu ahukumiwe kwa kasi kutokana na maoni tu ya shahidi mmoja aliyetazama kwa macho akakisia. Kipimo cha chombo ni jambo jingine, na ndiyo sababu unahitaji kujua kilisema nini.

Pili, usitoe hongo, na ukiombwa usikubali. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humkamata anayetoa sawasawa na anayepokea, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Fikiria hesabu hiyo: umetoka kwenye kosa la faini ukajiingiza kwenye kosa la jela. Isitoshe, kitu kidogo humdanganya dereva. Anayelipa mia mbili kila wiki huamini kwamba hana kosa lolote, na mguu wake hauoni sababu ya kujifunza. Siku atakapokutana na kitu kisichopokea mia mbili, yaani mti, lori au mtoto, atakuwa amechelewa.

Tatu, ukipewa karatasi ya kukuita mahakamani, isome vizuri. Uthiru imekaa mpakani, nusu Nairobi na nusu Kiambu, kwa hivyo usikisie ni mahakama gani, fuata iliyoandikwa. Na uende. Asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa, na kosa dogo likapata mguu wa pili.

Nne, jua haki zako. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 49, inasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kuhesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe vingine, kuelezwa ushahidi mapema, kupata muda wa kujitayarisha, na kupewa mkalimani bila malipo ikiwa lugha ya korti huielewi.

Tano, siku yenyewe fika mapema, umevaa kwa heshima, simu imezimwa. Ukiitwa jina, simama. Mashtaka yatasomwa nawe utaulizwa ni kweli au si kweli. Hapa wengi huteleza. Wako wanaokubali kosa wasilolifanya kwa kuwa wanataka kurudi kazini haraka, wakasahau kwamba hukumu hiyo huandikwa, na ndiyo itakayohesabiwa kuwa ya kwanza siku ya pili ikifika. Wako pia wanaokana jambo wanalojua ni kweli, wakarudi kortini mara tatu na nauli juu. Kama ni kweli, sema ni kweli. Kama si kweli, sema si kweli, nawe utapewa dhamana na siku ya kusikizwa.

Ukikubali kosa, hakimu atakupa nafasi ya kujitetea kabla ya adhabu. Hiyo si nafasi ya kumlaumu afisa wala ya kulia machozi ya kununua. Eleza kwa ufupi kama ni kosa lako la kwanza, kazi unayofanya na wanaokutegemea. Kama una barua ya mwajiri, ibebe. Hakimu ni mtu, lakini amesikia hadithi za mama mgonjwa mara elfu moja. Ukweli mfupi humgusa kuliko uongo mrefu.

Sita, ukitozwa faini, lipa kwa njia rasmi na uitunze risiti kama cheti cha kuzaliwa. Ukiona hukumu si ya haki, una siku 14 za kukata rufani. Na kama leseni imezuiwa, tafadhali usiguse usukani, hata kwenda dukani. Kuendesha gari wakati umezuiwa ni kosa jipya, na ukigonga mtu siku hiyo, kampuni ya bima yaweza kukukana mchana kweupe.

Hayo ni ya korti. Lakini kinga ni bora kuliko tiba, kwa hivyo tufanye hesabu moja ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 7 na nusu. Kwa mwendo wa 110 huchukua dakika 5 na nusu hivi. Umeokoa dakika mbili, na dakika hizo zote zitamezwa na msongamano wa Westlands. Sasa tazama upande wa pili. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hula mita 14 kila sekunde. Kwa 100, hula mita 28. Yaani mtoto akichomoka nyuma ya matatu iliyosimama Uthiru, katika ile sekunde moja ya kushtuka, kabla breki haijaguswa, umekwisha kupita urefu wa mabasi mawili. Na kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa breki kusimamisha gari huongezeka mara nne. Fizikia haina dhamana wala rufani.

Mwaka 2024, kwa hesabu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya. Katika hesabu hizo, kundi kubwa zaidi huwa ni watu waendao kwa miguu. Dereva aliyeua kwa mwendo wa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake ikafutwa pia. Aliyekufa harudi hata faini iwe milioni.

Kwa hiyo, mama, ukipanda gari la mumeo, usinyamaze ili asikasirike. Mwambie, "Baba Fulani, punguza." Nawe kijana uliye chuoni, ukiwa ndani ya matatu inayopaa huku muziki ukivuma, sauti moja ikisema "Dereva, pole pole" huzaa sauti kumi. Nawe baba, wana wako walio kiti cha nyuma wanajifunza kuendesha gari leo, kabla ya shule yoyote ya udereva kuwaona. Wanachokiona kwenye mguu wako ndicho watakachokifanya.

Kesho ni Jumatatu na wengi mtaamka mmechelewa. Ondokeni nyumbani dakika kumi mapema. Dakika hizo hazina faini.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia safari njema.