Kompyuta yako inanguruma kama poshomili? Soma hii kabla hujashuka River Road

Saa nane usiku Kangemi huwa imetulia. Klabu ya ng'ambo ya barabara imepunguza muziki, mbwa wamechoka kubweka, na mama jirani wa mandazi bado hajaamka. Kwenye keja yetu kitu kimoja tu ndicho hakilali, nacho ni kompyuta yangu. Ni bedsita, tunaishi wawili. Mimi hugeuza mazungumzo ya Wamarekani kuwa maandishi, na mara moja moja hurekodi sauti. Mdogo wangu yuko Kidato cha Nne na kitanda chake kiko mita moja na nusu kutoka kwenye feni.

Mwezi uliopita aliniambia, wala hakuwa na hasira, kwamba hata akiwa darasani bado anausikia ule mvumo. Wiki hiyo hiyo mteja mmoja wa ng'ambo akanirudishia rekodi nzima na ujumbe wa mstari mmoja: kuna mashine nyuma yako. Dola 40 zikaenda hivyo. Hapo ndipo nikaweka kando shilingi 5,000 na kuamua kusaka kasha lisilo na kelele.

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kuhusu jina. Nairobi lile sanduku lote la chuma tunaliita CPU, ilhali CPU yenyewe ni kile kichipu cha prosesa kilichojificha ndani. Na ukimwambia mtu unatafuta "kesi", atakuuliza kama wakili umeshapata. Sema kasha tupu la CPU, ama onyesha picha kwenye simu.

Jumamosi nikateremka Luthuli hadi inapokutana na River Road. Kama umewahi kupita hapo unajua mambo: kila duka la spika linashindana na la jirani, makanga wanaita abiria, mikokoteni inataka njia. Nilikuwa nimeenda kutafuta ukimya kwenye barabara yenye kelele kuliko zote mjini. Muuzaji wa kwanza aliniwashia mashine na kuniambia, "Boss, skiza, hata haisikiki." Manze, hapo hata ungewasha lori usingelisikia! Kwa hivyo usinunue kasha ukiwa mlangoni mwa duka. Omba upande nalo kwenye vile vibanda vya ghorofa ya tatu, au angalau uweke kiganja juu ya bati lake mashine ikiwa imewaka. Bati likitetemeka mkononi, usiku litaimba.

Muuzaji huyo alinisukumia kasha la "gaming", kioo mbele, kioo ubavuni, taa za rangi zote. Bei ya kwanza 6,500. Ni zuri, sikatai, lingependeza TikTok. Shida ni kwamba ule upande wa mbele ni kioo kitupu na hewa inaingilia kwenye kijipenyo chembamba kama cha sanduku la sadaka. Feni ikikosa hewa haipumziki, inaongeza kasi. Na kasi ndiyo kelele. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria: ukipunguza kasi ya feni hadi nusu, sauti inashuka kwa karibu desibeli 15. Sikio la binadamu huhesabu kushuka kwa desibeli 10 kama kelele imepungua nusu, kwa hivyo 15 si mchezo. Ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, sauti inapanda desibeli 3 tu. Maana yake feni mbili kubwa zinazozunguka polepole ni afadhali kuliko moja ndogo inayohema kama bodaboda ikipanda mlima.

Ndiyo maana kasha la kununua, kama hela ni kidogo, ni lile baya kwa sura: mbele kuna wavu au matundu, ndani kuna nafasi ya feni za milimita 120 au 140, na bati halipindi ukilibonyeza kwa kidole gumba. Yale ya Ulaya yaliyowekwa sponji ndani, kama Define za Fractal Design ya Uswidi au yale ya be quiet! ya Ujerumani, ni matamu sana lakini bei yake ni kodi ya mtu.

Halafu angalia plagi ya feni inayokuja na kasha. Nyingi za bei rahisi zina ile plagi pana ya pini nne kubwa inayochomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai. Feni ya namna hiyo haina breki. Ukiwasha mashine inakimbia kasi yote hadi uzime. Tafuta yenye plagi ndogo ya pini tatu au nne inayoingia kwenye madabodi, kisha uingie kwenye BIOS uiambie itulie wakati hakuna kazi nzito. Tofauti ya bei ni mia kadhaa. Tofauti ya usingizi utaniambia wewe.

Basi nikapata kasha la wavu, tukavutana kutoka 4,000 hadi 3,200. Nilikuwa nishatoa simu nilipe na M-Pesa wakati fundi mmoja mzee aliyekuwa kwenye kona na miwani puani aliniuliza, "Kijana, kwani mashine yako ni gani?"

"OptiPlex 3020, mzee. Ile nyembamba."

Akacheka hadi akatoa miwani. "Hilo kasha utanunua la kuweka nguo."

Mtego wenyewe uko hapa, na vijana wengi wanauingia. Hizi kompyuta za ofisini tunazoita ex-UK, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao, hazifuati vipimo vya kawaida. Pawasaplai ya dukani ina plagi ya pini 24. OptiPlex 3020 inataka pini 8. EliteDesk 800 G1 inataka 6. Kitufe cha kuwashia kina waya wake wa kipekee, na kasha lenyewe limefinyangwa kuifuata madabodi ile na si nyingine. Kuna nyaya za kubadilisha plagi, ndiyo, lakini ukijumlisha waya, pawasaplai, kasha na fundi, ungekuwa umenunua mashine nyingine.

Na si makosa yetu kwamba tuko nazo. Ofisi za Ulaya zikibadilisha kompyuta, za zamani zinapakiwa kwenye makontena na kuja kuuzwa huku. Ndizo zilizotufungulia sisi tulioacha chuo mlango wa kazi za mtandaoni, maana nani ana 90,000 ya mashine mpya? Sasa Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Hiyo 3020 yangu ni ya kizazi cha nne. Unaweza kujisajili upate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, au uhamie Linux, lakini ofisi kubwa hazitaki shida hiyo, zinatupa. Kwa hivyo ukiona kizazi cha sita na saba zinapangwa barabarani kama viazi, usidhani muuzaji ana roho nzuri. Anamaliza stoki.

Upande wa pili RAM zimepanda bei vibaya. Watengenezaji wanaelekeza chipu kwenye vituo vikubwa vya data vya akili unde kwa sababu huko ndiko kuna pesa. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaacha kabisa biashara ya Crucial, ile chapa iliyokuwa ikiuzia watu wa kawaida RAM na SSD. Hapa niruhusu niseme kitu kinachoniuma. Mapema 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusafisha data iliyofunza mifumo ya OpenAI. Machi 2024 jukwaa la Remotasks likafungia Wakenya nje. Sisi tulioshika ile mashine ikiwa mtoto ndio sasa tunaambiwa RAM hakuna, amekula yote. Na RAM ikipanda, bajeti inakatwa wapi? Kwenye kasha, pawasaplai na feni, vitu ambavyo mnunuzi haulizi. Kelele unayoisikia usiku ni ile mia tano iliyookolewa hapo.

Kuna mtu atasema haya ni madeko, kelele ya Nairobi tumeizoea. Sawa, lakini sheria yenyewe haijaizoea. Kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA zinaweka kiwango cha ndani ya nyumba za makazi kuwa desibeli 35 usiku, kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Novemba 2022 Gavana Sakaja alizifungia klabu za mitaani leseni, na mjadala wote ukawa baa na makanisa. Hakuna askari wa kaunti atakayebisha bedsita kuuliza kuhusu feni, wala simtaki. Ninachosema ni kwamba nyumba tunazoweza kulipia zimegeuka ofisi na bweni kwa wakati mmoja, chumba ni kile kile, na gharama ya ukimya tumeachiwa wenyewe.

Turudi kwa mzee. Hakuniuzia kasha. Alinipandisha kibandani kwake, akafungua mashine na kunionyesha vumbi lililoganda kwenye mapezi ya alumini ya kupoza prosesa kama sufi ya mto wa zamani. Alilipuliza kwa bloa huku ameishika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa na upepo mkali inaharibika. Akafuta ile pesti ya kupoza iliyokauka kama chokaa, akapaka mpya. Kisha akagusa diski kuu ya zamani, ile ya kuzunguka, akasema nusu ya mtetemo unatoka hapo. Tukaweka SSD ya mitumba ya GB 240, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Mwisho akakata vipande vinne vya tyubu kuukuu ya baiskeli na kuvibandika chini ya mashine kama viatu.

SSD 2,400, kazi 600, tyubu bure. Nilibaki na 2,000, na nauli ikatoka hapo.

Alinipa na ushauri wa mezani, na huu ni wa bure hata kwako: usiweke CPU juu ya meza ya mbao iliyo wazi chini, kwa sababu meza inakuwa ngoma. Iweke sakafuni juu ya kipande cha zulia, lakini usiisukume hadi kwenye kona ya ukuta, maana kona inarudisha sauti na kuizuia hewa. Kila miezi mitatu, ifungue. Vumbi la Waiyaki Way halina likizo.

Kama yako imeundwa kwa madabodi ya kawaida, sahau haya ya OptiPlex, kachukue lile kasha la wavu. Nililiacha, na 3,200 ilikuwa bei ya kuanzia mazungumzo mengine, si ya mwisho. Ila fungua mfuniko uangalie pawasaplai waliyokufungia ndani. Ikiwa imeandikwa wati 500 na ukiinyanyua ni nyepesi kama mkate, mwambie aitoe apunguze bei, utafute ya Dell au HP ya zamani inayolingana na plagi zako, au ungoje upate mpya ya maana. Hiyo ndiyo inayoweza kukuunguzia kila kitu, kelele ikiwa ndiyo shida ndogo.

Jumapili usiku niliwasha mashine saa tano. Feni ipo, siwezi kudanganya, ukisogeza sikio unaipata. Mdogo wangu alikuwa anasoma Kemia kitandani. Baada ya nusu saa hivi akainua kichwa.

"Imezimika?"

"La, nafanya kazi."

Akarudi kwa kitabu. Saa nane nilianza kurekodi sauti upya, ikabidi nisimame katikati. Sasa kinachosikika kwenye rekodi ni yeye akikoroma, na kwa hilo mzee wa River Road hana spea.