Reksini Mpya katika Gari la Marehemu



Safu yetu wiki hii yatoka jikoni na chumba cha kushonea, yaingia ndani ya gari. Ametuandikia mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Katika kugawanya mirathi, warithi waliafikiana kwamba gari la marehemu, Peugeot 504 ya stesheni wagoni, lihesabiwe thamani yake na liwe sehemu ya thumuni yake. Injini ingali nzima. Lakini ndani, reksini ya milango imepasuka na kujikunja, na watoto wakiteremka hutoka na vumbi jeusi la plastiki kwenye kanzu na mabuibui. Fundi aliyeitwa amemshauri ang'oe kila kitu, atupe, kisha gari lote livishwe reksini nyekundu inayomeremeta. Auliza: nikubali?

Jawabu langu, mamangu, ni la. Lakini si la ya kuliacha gari lilivyo. Vipande vilivyoharibika vitolewe na vitengenezwe kimoja kimoja, kwa rangi na umbo la asili, na hata kile kibovu kabisa kisitupwe mpaka kipya kimekaa mahali pake. Thamani uliyohesabiwa katika fungu lako imo pia katika vipande hivyo.

Gari hili lina historia kwetu. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na likaunganishwa hapa hapa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Ufaransa iliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, ilhali huku kwetu liliendelea kutoka kiwandani kwa miaka mingi baadaye. Wazee wetu walilipenda kwa kuwa lilivumilia barabara mbovu, na yale ya safu tatu za viti yalibeba jamaa nzima. Siku hizi wanaolitafuta hutazama kwanza kama limebaki lilivyokuwa. Reksini nyekundu ya kumeremeta yaweza kupendeza macho ya jirani, lakini mnunuzi anayelijua gari ataikimbia.

Kwa nini reksini hufa? Kwa asili yake ni plastiki ngumu, iliyolainishwa kwa kuchanganywa na dawa ya majimaji. Joto na miale ya jua huifukuza dawa ile kidogo kidogo, na ndiyo sababu gari lililoachwa juani hupata ukungu wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele. Dawa ikishatoka, reksini husinyaa, hukakamaa, kisha hupasuka. Kuipaka mafuta ya nazi au ya kung'arisha hakuirudishii kilichopotea, na yale ya kung'arisha yenye silikoni huleta balaa jingine: gundi haishiki mahali yalipopita. Kama gari limekuwa likipakwa, mwambie fundi mapema ili afute kwa spiriti kila sehemu atakayoitia gundi.

Mlango ndio penye kazi. Ile nguo uionayo imegandishwa juu ya ubao mwembamba wa hadibodi, nao ubao umeshikwa mlangoni kwa klipu zilizojificha pembezoni. Kwanza hutolewa mkono wa kushushia kioo, kitasa, na mahali pa kuegemezea mkono. Skrubu nyingine hufichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Kisha ubao huinuliwa taratibu kwa kitu bapa, karibu kabisa na kila klipu. Anayevuta katikati huuvunja. Piga picha kwa simu kila hatua, na skrubu za kila mlango zitie katika kibakuli chake.

Nyuma ya ubao utaona karatasi ya nailoni. Hapo ndipo mafundi wengi wa haraka huharibu kazi, kwa kuwa huichana na kuitupa wakidhani ni takataka za kiwandani. Maji ya mvua, na hata ya kuoshea gari, huteremka kwenye kioo na kuingia ndani ya mlango. Yamewekewa matundu chini ya kutokea. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiguse ubao. Ikikosekana, hadibodi hunyonya maji, huvimba kama mkate uliotumbukizwa katika chai, na reksini mpya uliyoilipia hubanduka mvua za masika zikifika. Basi kama imechanika, ikatwe mpya na igandishwe kote, na matundu ya chini ya mlango yazibuliwe kwa kijiti.

Ukishautoa ubao, utazame. Ukiwa mgumu na umenyooka, nguo ya zamani ibanduliwe pole pole na itunzwe kama kigezo. Ukiwa umevimba, ukatwe mwingine wa unene uleule, aghalabu milimita 3, kwa kuuweka wa zamani juu na kuufuata kwa penseli, pamoja na kila tundu. Tundu likienda kombo milimita chache tu, klipu haitaingia. Ubao mpya upakwe vanishi pande zote na hasa kwenye kingo, ukauke siku nzima, ndipo uvishwe. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Ubao usiopakwa hauna umri.

Hapa wasomaji wangu wanaoshona watajikuta nyumbani. Reksini hukatwa kwa kigezo kama kanzu, ikiongezwa upana wa vidole viwili kila upande kwa ajili ya kukunja. Kabla ya kukata, itandazwe juani nusu saa ili makunyanzi ya kukunjwa dukani yatoke. Itazamwe pia inavutika upande gani zaidi, kwa maana vipande vya milango minne vikikatwa pande tofauti, kimoja kitalegea na kingine kitakaza. Nunua ya milango yote siku moja, kutoka gombo moja. Rangi nyeusi ya leo na nyeusi ya mwezi ujao si ndugu.

Palipo na mshono, tumia uzi wa poliesta, si wa pamba, kwa kuwa pamba huoza kwa jua na jasho. Hatua za mshono ziwe ndefu, kama milimita 4, kwani matundu yakikaribiana reksini hukatika kwenye mstari wake kama stempu. Cherehani ya nyumbani hupita tabaka mbili kwa sindano nene, na mguu wake ukinata, weka karatasi nyembamba juu ya reksini, uichane baada ya kushona. Tabaka nne na sponji ndani yake mwachie mwenye mashine ya viti. Lipo jambo moja ambalo cherehani haiwezi: ile mistari iliyobonyea kwenye milango ya asili haikushonwa, iliyeyushwa kiwandani kwa mashine ya umeme. Fundi atakayekuambia ataitoa vilevile kwa sindano anakupendezesha tu. Mshono ulionyooka unatosha, na ukiwekwa mahali pale pale pa mistari ya zamani, jicho haliulizi.

Gundi ni ile ya kupakwa pande zote mbili, nyuma ya reksini na juu ya ubao, kisha kungojewa mpaka ukiigusa kwa kidole haikufuati. Haraka ya hapa huzaa mapovu. Anza kugandisha katikati, ukielekea pembezoni kwa kiganja. Kingo zikunjwe nyuma, na kwenye pembe za mviringo nyuma pakatwe vipembe vidogo ili nguo isirundikane. Pembe ikikaidi, ipulizwe kwa mashine ya kukaushia nywele. Vuguvugu yatosha, moto mwingi hufuta ile ngozi ya kuchapwa na kuacha waa linalong'aa lisilotoka tena.

Nawaomba sana katika hili: mvuke wa gundi hii hushika moto upesi, na huumiza kifua. Isipakwe jikoni, wala ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na chetezo cha udi. Ifanywe barazani penye upepo, na mtoto mwenye pumu akae mbali mpaka harufu iishe.

Dashibodi sina mengi ya kuisemea. Imepinda kila upande, sponji yake imeshikana na ngozi yake, na si kazi ya nyumbani. Ikiwa nyufa ni chache, kifuniko kilichokatwa kwa umbo lake chatosha kwa sasa. Mikanda ya viti, hata hivyo, isifanyiwe mzaha: wakati wa kurudisha vipande vya kando, kila bolti ya mkanda ibaki wazi na ikazwe na fundi makenika, wala reksini isipite juu yake kwa ajili ya uzuri.

Sasa kuhusu fundi wako, mamangu. Usimpe gari zima kwa mara moja. Mpe mlango mmoja wa nyuma, kwa bei mliyopatana mbele ya kijana wako au nduguyo, na iandikwe: reksini ya nani, gundi ya nani, kazi siku ngapi. Vipande vya zamani ni amana mkononi mwake, na virudi kwako vyote, hata vilivyochanika. Mlango ule ukikaa wiki mbili juani bila kubanduka, mpe wa pili. Ukibanduka, umepoteza mlango mmoja, na vigezo vya mitatu iliyobaki ungali navyo.

Kazi ikiisha, gari liachwe madirisha wazi kivulini siku mbili. Reksini ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu. Dawa za kung'arisha zibaki dukani. Na likisimama juani, litandikiwe shuka la pamba kwenye viti na pazia la kadibodi nyuma ya kioo cha mbele, kwani viti vya reksini saa saba za mchana huunguza mapaja ya watoto.